Siku ya Gwaride Ilikuwa Kodi: Nani Aliyelipia Mazoezi ya Mgambo katika Makoloni ya Marekani

Kila mjadala wa silaha unapowaka Marekani, shahidi anayeitwa ni yule yule: mkulima wa Massachusetts wa Aprili 1775, vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, aliyeacha jembe, akachukua bunduki na kwenda kupambana na askari wa Mfalme wa Uingereza. Husimuliwa kama mtu wa kujitolea tupu, asiyedai wala kupewa chochote. Mengi katika simulizi hiyo ni kweli. Mkulima huyo alikuwepo, alikwenda, na baadhi ya wenzake hawakurudi nyumbani. Lakini kuna hesabu inayoachwa nje, nayo ndiyo inayonishughulisha: siku za mazoezi zilizotangulia vita, nani alizilipia?

Kwa zaidi ya miaka 140 alizilipia yeye mwenyewe, kwa muda wake, kwa silaha aliyoinunua, na kwa faini asipofika. Posho ya mazoezi ilikuja mwishoni kabisa, miezi michache tu kabla ya risasi za kwanza, na ilikuja kwa sababu viongozi wa Massachusetts walikiri kwamba watu walio tayari kweli hawapatikani bure. Anayemwita mkulima yule athibitishe kwamba uzalendo hauhitaji fedha, amemwita shahidi wa upande wa pili.

Desturi yenyewe ilitoka Uingereza. Tangu Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, kila mwanamume alitakiwa kuwa na silaha kulingana na mali yake ili kulinda eneo lake. Waliovuka bahari waliibeba desturi hiyo, nayo ikawafaa, kwa kuwa hakuna koloni lililokuwa na uwezo wa kulisha jeshi la kudumu. Karibu kila mahali sheria iliwataja wanaume wa miaka 16 hadi 60. Massachusetts ilianza kwa ukali: mwaka 1631 makapteni waliamriwa kufanyisha kombania zao mazoezi kila Jumamosi. Wakulima hawakuweza kustahimili, na mwaka uliofuata mazoezi yakawa ya mara moja kwa mwezi. Desemba 1636 kombania za miji ziliunganishwa kuwa vikosi vitatu, na hadi leo Walinzi wa Taifa wa Marekani, jeshi la akiba la majimbo, huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwao. Kufikia sheria ya mgambo ya 1693, mazoezi ya lazima yalikuwa yamebaki siku nne kwa mwaka.

Siku nne zinasikika kidogo. Tuzipigie hesabu. Kibarua wa New England, yaani Massachusetts na makoloni jirani ya kaskazini, zama hizo alipata takriban shilingi mbili kwa siku, kwa hiyo siku nne za gwaride zilimkosesha kama shilingi nane. Asipotokea alitozwa faini ya shilingi tano kwa siku, yaani ujira wa siku mbili na nusu kwa kukosa siku moja. Akitokea bila vifaa kamili, faini nyingine. Na vifaa vilikuwa vingi. Sheria hiyo hiyo ya 1693 ilimtaka awe na bunduki nzima ya gumegume, mkoba wa mgongoni, mfuko wa risasi, ratili moja ya baruti nzuri, risasi 20, mawe 12 ya gumegume, na upanga. Vyote kwa fedha yake. Bunduki peke yake ilimeza ujira wa wiki kadhaa.

Watunga sheria walijua kwamba wapo wasioweza, na njia waliyoweka inaeleza mengi kuhusu fikra zao. Sheria za Massachusetts za katikati ya karne ya 17 zilimruhusu asiye na fedha kupeleka mahindi au bidhaa nyingine kwa karani wa kombania. Bidhaa hizo zilithaminiwa, na thamani yake ilipaswa kuzidi bei ya silaha kwa sehemu moja ya tano. Maskini, basi, alinunua bunduki kwa bei ya juu kuliko tajiri. Akishatoa mahindi yake alisamehewa faini ya kukosa silaha mpaka karani ampatie, lakini hakusamehewa kufika uwanjani. Kijana asiye na familia na asiye na chochote cha kutoa aliweza kupelekwa kutumikia kwa mtu mwingine mpaka gharama ilipwe.

Nimeisoma sehemu hiyo ya sheria zaidi ya mara moja, na kila mara naona kwamba neno linaloufaa mfumo huu ni kodi. Kodi ya mwili na ya chuma. Kodi nyingine za koloni zilipimwa kwa kiasi fulani kulingana na mali ya mtu, lakini hii ilikuwa sawa kwa mwenye ekari 300 na kwa kibarua asiye na shamba. Shilingi tano za faini hazikumgusa mfanyabiashara wa Boston. Zaidi ya hayo kulikuwa na orodha ndefu ya waliosamehewa: mahakimu, wachungaji wa kanisa, waganga, walimu na wanafunzi wa Harvard, wasaga nafaka, wavushaji wa vivuko. Baadhi walisamehewa kwa sababu za msingi, maana mji usingekaa bila kinu wala kivuko. Matokeo yake hata hivyo ni kwamba uzito uliwaangukia wakulima wadogo, mafundi na vijana.

Faini hizo ndizo zilizoendesha kombania. Karani alizikusanya, na fedha ikanunua ngoma, bendera na baruti ya mazoezi. Huko Virginia, ambako tumbaku ilitumika kama fedha, faini zilihesabiwa kwa ratili za tumbaku. Kombania ilikuwa na mfuko wake, ila mfuko ulijazwa na wanamgambo wenyewe na haukumrudishia askari wa kawaida hata peni moja.

Alichopata askari siku ya gwaride kilikuwa cha namna nyingine. Siku ilianza kwa sala, mara nyingi na mahubiri. Halafu paredi, kushika silaha, kufyatua kwa zamu, pengine mashindano ya shabaha. Jioni ilikuwa sherehe. Katika sehemu nyingi za New England wanajeshi walijichagulia maofisa wao, na aliyechaguliwa alitarajiwa kuwanywesha watu wake: ramu, bia, sida ya matofaa. Wanawake waliuza mikate ya tangawizi pembeni ya uwanja, watoto walikimbia huku na huko, vijana walitafuta wachumba. Kwa watu waliotawanyika mashambani siku hiyo ilikuwa na thamani kubwa, na sitaidharau. Lakini ramu ya kapteni ilikuwa hisani yake, haikuwa haki ya askari. Pia iliweka cheo mikononi mwa wenye uwezo, kwa sababu mtu asiyeweza kununua pipa la ramu alikuwa na nafasi ndogo ya kuwa kapteni.

Kama kuna anayeshuku kwamba mazoezi yalikuwa kodi, atazame walivyotendewa Waafrika. Mwaka 1652 Massachusetts iliamuru Waskoti, Waafrika na wenyeji asilia walioishi na Waingereza au kuwatumikia waandikishwe na wafanye mazoezi kama wengine. Miaka minne baadaye ikageuka: Waafrika na wenyeji asilia wasipewe silaha wala wasiruhusiwe gwaride. Virginia ilikuwa imekwisha kuwatenga Waafrika katika sheria yake ya silaha mwaka 1640, na mwaka 1723 iliwaruhusu weusi huru kupiga ngoma na tarumbeta tu. Basi vipi kuhusu mtu mweusi huru wa Massachusetts? Hakuwa mtumwa, hakukatazwa kumiliki mali, na hakutakiwa uwanjani. Mwaka 1707 koloni lilipitisha sheria kwa ajili yake: badala ya mazoezi na ulinzi wa zamu, atengeneze barabara na kusafisha mitaa kwa siku zinazolingana, kama viongozi wa mji watakavyopanga, bila ujira.

Sheria hiyo ni fupi na haitajwi sana, lakini kwangu ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Serikali ilikaa ikapima siku ya gwaride ina thamani gani, ikaona ni sawa na siku ya kazi ya barabara, ikamtoza asiyeruhusiwa kubeba bunduki kazi hiyo hiyo kwa jembe na koleo. Kama gwaride lingekuwa heshima tu, aliyenyimwa heshima asingekuwa na deni la kulipa.

Mambo yalibadilika mwanamgambo alipoitwa vitani. Hapo alihesabiwa kuwa kazini, na mshahara ulianza. Katika vita vya 1675 hadi 1676 dhidi ya jamii za wenyeji asilia za Wampanoag, Narragansett na washirika wao, askari wa miguu wa Massachusetts alilipwa shilingi sita kwa wiki, na chakula kikahesabiwa kando. Shilingi sita kwa wiki ni nusu ya ujira wa kibarua wa siku sita. Kwa hiyo makoloni yaliongeza ahadi: ngawira, ardhi, na zawadi ya fedha kwa kila adui aliyeuawa.

Ahadi ya ngawira ilivunjika vibaya mwaka 1690. Sir William Phips aliongoza meli na watu zaidi ya 2,000 kwenda kuuteka mji wa Quebec kutoka kwa Wafaransa. Hazina ilikuwa tupu, na matumaini yalikuwa kwamba utajiri wa Quebec ungelipa kila mtu. Safari ilishindwa. Watu wakarudi Boston wakiwa wagonjwa na wenye hasira, na serikali ikahofia uasi wa askari wake yenyewe. Desemba mwaka huo Massachusetts ikachapisha noti za karatasi ili kuwalipa, nazo zikawa fedha za kwanza za karatasi kutolewa na serikali katika ulimwengu wa Magharibi. Noti hizo ziliweza kutumika kulipia kodi, tena kwa nyongeza ya asilimia tano, lakini askari mwenye njaa hakuweza kungoja msimu wa kodi. Wengi waliziuza chini ya thamani iliyoandikwa, na faida ikawaendea walioweza kusubiri.

Ahadi ya ardhi ilichukua muda mrefu zaidi. Desemba 1675, kabla ya kushambulia ngome ya Wanarragansett, askari waliokusanyika Dedham waliahidiwa mashamba wakishinda. Walishinda, kwa mauaji ya kutisha ya wanawake na watoto waliokuwa ndani ya ngome. Mashamba yalitolewa zaidi ya nusu karne baadaye, miaka ya 1730: wadai 840, vitongoji saba, watu 120 kila kitongoji. Wengi wa walioahidiwa walikuwa kaburini, na waliopokea ni watoto na wajukuu wao. Na ardhi yenyewe, kule Maine na New Hampshire na katikati ya Massachusetts, ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wengine. Virginia ilirudia mchezo huo mwaka 1754, Gavana Robert Dinwiddie alipoahidi ekari 200,000 kwa watakaojitolea kwenda bonde la mto Ohio. Zilipogawanywa miaka ya 1770, askari wengi wa kawaida walikuwa wameshauza haki zao kwa bei ndogo. George Washington, aliyekuwa ofisa wa kikosi hicho na akanunua haki za wengine, alijipatia zaidi ya ekari 20,000.

Kuhusu zawadi za kuua nitasema kwa ufupi, kwa sababu takwimu zenyewe zinatosha. Miaka ya 1720 Massachusetts ililipa pauni 100 kwa ngozi ya kichwa cha mwenyeji asilia, na John Lovewell na wenzake waliingia Boston mwaka 1725 na ngozi kumi. Tangazo la 1755 dhidi ya Wapenobscot liliweka pauni 40 kwa ngozi ya mwanamume na pauni 20 kwa ya mwanamke au mtoto aliye chini ya miaka 12. Koloni ambalo halikuwa na peni ya kumlipa mtu kwa siku ya mazoezi lilikuwa na pauni 20 kwa kichwa cha mtoto. Panapotajwa uhaba wa fedha kama sababu ya gwaride kutolipwa, bei hizo zikumbukwe.

Pennsylvania ilikwenda njia yake. Waquaker, dhehebu la Kikristo, waliotawala bunge lake hawakukubali vita, hivyo hapakuwa na mgambo wa lazima. Mwaka 1747, meli za maadui zilipousogelea mto Delaware, Benjamin Franklin aliwahimiza watu wajiunge kwa hiari, nao wakaja kwa maelfu, mizinga ikanunuliwa kwa bahati nasibu. Hiari hiyo ilidumu mradi hatari ilikuwa karibu. Lakini mwaka 1775 hali ilikuwa nyingine. Vibarua na mafundi wa Philadelphia waliojiunga waliona matajiri wakibaki nyumbani na kuendelea na biashara. Wakaunda kamati yao ya askari wa kawaida na kudai asiyejitokeza alipe. Novemba 1775 bunge likakubali kumtoza kila asiyejiunga pauni mbili na shilingi kumi. Walichodai watu wale ni mzigo ugawanywe: anayetoa siku zake na anayekaa nyumbani wasitoke sawa.

Na sasa Massachusetts, mwaka 1774. Uingereza ilikuwa imeifunga bandari ya Boston na kulivunjia koloni katiba yake. Oktoba, Baraza la Koloni lililojiunda bila idhini ya gavana liliagiza angalau robo ya wanamgambo waandikishwe kuwa tayari kuondoka kwa taarifa fupi kabisa, nao wakaitwa watu wa dakika. Baraza hilo hilo liliwaambia watoza kodi wasipeleke fedha kwa mweka hazina wa Mfalme, Harrison Gray, bali kwa Henry Gardner wa mji wa Stow. Mambo haya mawili husimuliwa mbali mbali, na mimi naona ni jambo moja: waliotaka jeshi walianza na mfuko. Desemba Baraza likaeleza linachotaka. Kila mwanamgambo wa kundi hilo awe na bunduki, singe, mkoba na risasi 30, afanye mazoezi mara tatu kwa wiki au zaidi, na mji wake umlipe kiasi cha haki kwa utumishi wake. Akiitwa kwa mkusanyiko mkubwa, koloni litamlipa.

Tazama tofauti. Kutoka siku nne kwa mwaka hadi mara tatu kwa wiki. Hakuna mkulima aliyeweza kubeba hilo kwa mfuko wake, na Baraza halikujidanganya kwamba angeweza. Mikutano ya miji ilijadili viwango, na kila mji ukaweka wake. Kadhaa ilitoa shilingi moja au zaidi kidogo kwa zoezi la nusu siku. Mji mdogo wa Lincoln, Machi 1775, ulitenga pauni 52 na shilingi 4 kwa ajili ya waliojiandikisha, wapatiwe mikanda ya singe, visanduku vya risasi na mikoba, nao wafanye mazoezi saa nne kwa siku, mara mbili kwa wiki, hadi Mei Mosi. Haikuwa mali nyingi. Ilikuwa karibu sawa na ujira ambao mtu angeupata kwa kibarua, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kwenda gwarideni bila familia yake kupoteza kwa ajili hiyo.

Aprili 19, siku askari wa Uingereza walipotoka Boston kwenda mji wa Concord, ilifika kabla ya Mei Mosi. Watu wa Lincoln walikuwa wa kwanza kutoka mji jirani kufika Concord. Kombania ya Acton chini ya Isaac Davis, fundi bunduki aliyewafanyisha watu wake mazoezi mara mbili kwa wiki na kuwapatia singe, ndiyo iliyotangulia kushuka kwenye daraja, na Davis akaanguka hapo. Jioni Waingereza waliporejea Boston walikuwa wamepoteza watu 73 waliouawa na 174 waliojeruhiwa. Lexington, ambako wanane walikufa asubuhi, haikuwa na kombania ya watu wa dakika. Waliosimama na Kapteni John Parker walikuwa mgambo wa kawaida wa mji. Sisemi walikufa kwa kukosa posho, kwa kuwa watu 77 mbele ya mamia ya askari wa kulipwa wangezidiwa kwa vyovyote. Nasema kwamba kilichowarudisha Waingereza mbio kutoka Concord kilikuwa kimelipiwa majira yote ya baridi, kwa kura za mikutano ya miji na kwa kodi iliyonyimwa Mfalme.

Virginia iliiga, na ikashindwa. Katikati ya 1775 kongamano lake liliunda vikosi vya watu wa dakika waliotakiwa kukaa kambini siku 20 mfululizo kwa mazoezi ya mwanzo. Malipo yalikuwepo: peni 16 kwa siku kwa askari wa kawaida, na mara kadhaa ya hizo kwa maofisa. Wakulima wadogo wakauliza nani angepalilia mashamba yao kwa siku hizo zote, wakati tajiri alikuwa na watumwa wa kumlimia. Na wasimamizi wa watumwa mashambani walikuwa wamesamehewa utumishi. Uandikishaji ulisuasua, na kufikia mwisho wa 1776 mfumo ulikuwa umefutwa. Nadhani hapa ndipo wachambuzi wengi wanapokosea, wanaposema watu wa Virginia hawakuwa na moyo. Walikuwa nao. Walichokataa ni kulipwa peni 16 ili kulinda mali ya watu waliosamehewa kwa sababu ya mali hiyo hiyo.

Washington mwenyewe, Septemba 1776, aliliandikia Bunge la Makoloni kwamba kuutegemea mgambo ni kuegemea fimbo iliyovunjika. Sehemu hiyo hunukuliwa sana. Katika barua hiyo hiyo alieleza pia kwamba ukimhubiria askari uzuri wa sababu ya vita atakusikiliza kwa utulivu, kisha atakujibu kwamba sababu hiyo haimhusu yeye kuliko inavyowahusu wengine. Alikuwa akiomba jeshi la kudumu lenye mshahara unaomtosha mtu.

Baada ya uhuru, sheria ya mgambo ya 1792 ilirudisha mtindo wa zamani nchi nzima: kila mwanamume mweupe huru wa miaka 18 hadi 45 ajinunulie bunduki na afike gwarideni, bila malipo ya mazoezi. Ndani ya miongo michache majimbo mengi yaliacha kuitekeleza, magwaride yakabaki ya ulevi, na vijana wa vibarua wakawa ndio walioumizwa zaidi na faini. Ilikuwa mpaka sheria ya ulinzi ya 1916 ndipo serikali kuu ilipokubali kulipia mazoezi ya kawaida ya Walinzi wa Taifa: mazoezi 48 kwa mwaka, na siku 15 za kambini. Tangu vikosi vitatu vya 1636, miaka 280 ilikuwa imepita.